Kalkuleta Huwasha Nukta, Mkunjo Tunaujua Sisi

Kalkuleta ya grafu haijui kuchora mkunjo. Inachojua ni kukokotoa nukta moja, kuiwasha kwenye skrini, kuhamia nyingine na, ikiruhusiwa, kuziunganisha mbili hizo kwa kipande cha mstari ulionyooka. Mengine yote tunayoyaona pale, ule mviringo, ile ncha, zile petali, hukamilishwa na jicho letu. Nimekuwa nikichora mikunjo mashuhuri ya hisabati kwenye mashine hizi kwa muda mrefu, na jambo hilo bado linanivuta kama mikunjo yenyewe inavyonivuta: baina ya nukta na nukta mashine inakisia, na ubora wa kisio lake unategemea namba chache ulizoziingiza wewe.

Siku hizi ukiandika mlinganyo kwenye programu ya simu, picha hutokea nzima kabla hujainua kidole. Kwa kazi nyingi hicho ndicho kinachotakiwa. Mimi hata hivyo hurudi kwenye kalkuleta za skrini ya kijivu. Casio fx-7000G, iliyotoka mwaka 1985 na kuwa kalkuleta ya kwanza ya grafu kuuzwa kwa umma, ilikuwa na skrini ya pikseli 96 kwa 64. Texas Instruments walipoingia na TI-81 mwaka 1990 walitumia vipimo hivyohivyo, na TI-83 ya mwaka 1996 ikaendelea navyo. Zote pamoja ni pikseli 6,144. Kwenye skrini ndogo namna hiyo hakuna kosa linalojificha, na kwa kuwa mashine ni ya polepole, unauona mkunjo ukizaliwa: umeanzia wapi, unaelekea upande gani, unakawia wapi, unakimbia wapi. Mchoro wa kitabuni haukuelezi hayo, kwa sababu umekwisha kuchorwa.

Kabla ya yote kuna dirisha, yaani kipande cha x na y kinachoonyeshwa kwenye skrini. Dirisha la kawaida la TI-83 huanzia −10 hadi 10 kwa mihimili yote miwili. Skrini ni pana kuliko kimo chake, kwa hiyo kizio kimoja cha x hupata karibu pikseli 4.7 na kizio kimoja cha y hupata pikseli 3.1. Ukichora duara humo utapata yai lililolala. Amri ya ZSquare, inayosawazisha vizio vya mihimili miwili ili dirisha liwe mraba, hulirekebisha hilo mara moja, nami huibonyeza kabla ya kuhukumu umbo lolote.

Duara lina tatizo la pili. Ukilichora kwa y = √(9 − x²) na mwenzake hasi, mara nyingi nusu mbili hazikutani, na kushoto na kulia panabaki mianya. Pembeni pale mkunjo unashuka karibu wima, ilhali mashine inasogea safu moja ya pikseli kwa wakati, na kama hakuna safu inayoangukia 3 kamili, nukta ya mwisho huachwa ikiwa bado juu hewani. Badilisha mfumo uwe wa parameta, uandike x = 3cos t na y = 3sin t, na mianya inatoweka. Sasa x na y zote mbili zinaendeshwa na t. Na t unaweza kuichukulia kuwa muda: kila hatua ya t ni pigo moja la saa, na nukta inakwenda ilikoamriwa kwa pigo hilo. Tangu hapo mkunjo unakuwa mwendo.

Hakuna mkunjo unaoonyesha hilo vizuri kama saikloidi, njia inayofuatwa na nukta iliyo kwenye ukingo wa gurudumu linaloviringika juu ya ardhi tambarare. Kwa gurudumu la nusukipenyo 1:

x = t − sin t
y = 1 − cos t

Weka x kutoka 0 hadi 2π, t nayo vivyo hivyo, hatua ya t iwe π/12, kisha ufanye dirisha liwe mraba. Tao moja litajaza upana wote wa skrini na kufikia karibu nusu ya kimo chake. Usiangalie tao, angalia nukta. Hatua ya kwanza kutoka 0 husogeza nukta kwa nusu pikseli hivi, huenda usione kitu. Hatua ya pili huipandisha pikseli mbili huku upande ikiwa haijasogea hata nusu pikseli. Inapanda wima! Kisha inaanza kuinama kulia, inashika kasi, na karibu na kilele kila hatua inaruka pikseli nane hivi. Baada ya hapo yote yanajirudia kinyumenyume hadi inapotua kwenye ncha ya pili.

Umeona hapo, kwa macho, jambo linalowasumbua wengi kuliamini: sehemu ya gurudumu inayogusa ardhi, katika nukta ile ya muda, haisogei kabisa, na sehemu ya juu inakwenda kwa kasi maradufu ya ekseli. Nukta zilizosongamana chini na kutawanyika juu ndizo ushahidi. Ukitaka ushahidi usifunikwe, zima uunganishaji, uache nukta peke yake.

Galileo aliupenda mkunjo huu kiasi cha kukata umbo lake kwenye bamba na kulipima kwa mizani dhidi ya duara lililouzaa. Alipata kama mara tatu. Mwanahisabati Mfaransa Roberval alithibitisha katika miaka ya 1630 kuwa eneo chini ya tao moja ni mara tatu kamili ya eneo la duara. Mwaka 1658 Christopher Wren, yuleyule msanifu wa majengo, akaonyesha kuwa urefu wa tao ni mara nane ya nusukipenyo. Nane kamili, bila pai. Mzingo wa gurudumu lenyewe hauandikiki bila pai, lakini njia inayofuatwa na nukta yake ni namba nzima. Kalkuleta inaweza kujumlisha √(2 − 2cos t) kutoka 0 hadi 2π na kukurudishia 8, na kila ninapoiona hiyo 8 nafurahi upya.

Kabla ya kuiacha saikloidi, zidisha sin t na cos t kwa 1.5. Sasa unafuatilia nukta iliyo nje ya ukingo, kama ile iliyo kwenye mdomo wa gurudumu la treni unaoshuka chini ya usawa wa reli. Mkunjo unafanya vitanzi, na ndani ya kila kitanzi nukta inarudi nyuma. Treni inaposonga mbele, kuna sehemu ya gurudumu lake inayokwenda nyuma, na mashine inakuchorea tukio hilo pikseli kwa pikseli.

Sasa mawaridi. Katika mfumo wa pola nukta hutambuliwa kwa pembe θ na umbali r kutoka kitovuni. Guido Grandi, mtawa na mwanahisabati wa Italia, aliieleza familia hii katika miaka ya 1720:

r = cos kθ

Namba k ikiwa witiri, waridi lina petali k. Ikiwa shufwa, lina petali 2k. Mashine inakuonyesha sababu bila maneno. Kwa k = 3, θ inapofika π petali zote tatu zimekwisha kuchorwa, na nusu ya pili ya mzunguko inapita juu ya wino uleule, kwa hiyo skrini inaonekana imetulia huku kazi ikiendelea. Kwa k = 2, nusu ya pili inachora petali mpya. Tofauti hiyo, ambayo kwenye karatasi hudai mistari kadhaa ya hoja, hapa unaishuhudia ikitokea.

Lakini jaribu k = 45. Acha hatua ya θ ilivyowekwa kiwandani, yaani π/24. Ungetegemea petali 45. Itachorwa tatu, safi kabisa, kana kwamba uliandika r = cos 3θ. Andika 46: petali nne. Andika 47: kiduara kimoja kinachopita kitovuni. Andika 48: duara kubwa la nusukipenyo 1, au kwa usahihi zaidi, umbo la pande 48 linaloonekana kama duara.

Mashine haijaharibika. Hatua ya π/24 ni nyuzi 7.5. Kwa k = 45, kila hatua inaongeza ndani ya kosini nyuzi 45 × 7.5, yaani 337.5, ambazo ni pungufu ya mzunguko mzima kwa nyuzi 22.5. Kosini haitofautishi kwenda mbele nyuzi 22.5 na kurudi nyuma nyuzi 22.5, na 22.5 ni 3 × 7.5. Kwa hiyo katika kila nukta ambayo mashine inaichunguza, na ni hizo tu inazozijua, cos 45θ na cos 3θ ni namba ileile. Kwa k = 48 kila hatua inaongeza nyuzi 360 kamili, kosini inabaki 1 daima, na unapata duara. Ni jambo hilohilo linalofanya gurudumu kwenye filamu lionekane linazunguka kinyume: kamera nayo huona kwa vipindi tu.

Nadhani kila anayejifunza kuchora kwa mashine angepaswa kuonyeshwa mawaridi haya ya uongo mapema, kabla hajaanza kuiamini skrini. Picha ni safi, haina kona wala mkwaruzo wa kukutia shaka, nayo si kweli. Kinachokuokoa ni kujua kanuni ya Grandi kabla ya kubonyeza kitufe.

Punguza hatua basi, useme π/720. Sasa petali 45 zinachorwa kweli, polepole mno, na hapo unagonga ukuta wa pili. Waridi kubwa kuliko yote linaloweza kuingia kwenye skrini hii lina nusukipenyo cha pikseli 31 hivi, na mzingo wa pikseli karibu 195. Zigawe kwa petali 45, kila petali inapata pikseli nne na kidogo hata pale ncha zilipoachana zaidi, na kuelekea kitovuni zote zinamezana kuwa doa jeusi. Hatua kubwa ilikupa uongo mzuri, hatua ndogo inakupa ukweli usiosomeka. Kwa waridi lile, kwenye skrini ile, hakuna chaguo la tatu ila kuvuta karibu kipande kimoja cha ukingo.

Jani la Descartes lina masomo ya aina nyingine. Mlinganyo wake ni x³ + y³ = 3xy, na Descartes, mwanafalsafa na mwanahisabati Mfaransa, aliuleta mwaka 1638 kumpa changamoto mwanahisabati mwenzake Fermat atafute tanjiti (mstari unaougusa tu mkunjo) katika nukta yoyote ya mkunjo huo. Fermat aliiweza. Descartes mwenyewe alilipata jani sawasawa pale x na y zilipo chanya, lakini alidhani linajirudia katika kila robo ya mchoro, kama petali nne za ua. Halijirudii. Lina kitanzi kimoja, na mikono miwili inayokimbilia mbali, mmoja kushoto juu na mwingine kulia chini, ikiukaribia mstari x + y = −1 bila kuufikia.

Mlinganyo huu hauwezi kuandikwa kama y moja kwa kila x, kwa hiyo tunarudi kwenye parameta:

x = 3t/(1 + t³)
y = 3t²/(1 + t³)

Ukiweka t kutoka −10 hadi 10, mambo mawili hutokea. La kwanza liko kwenye t = −1, ambapo unagawa kwa sifuri. Kabla tu ya hapo nukta iko mbali kulia chini. Baada tu ya hapo iko mbali kushoto juu. Kama hatua zako zinaruka −1 bila kuigonga, mashine inaziunganisha nukta hizo mbili kwa mstari unaokata skrini yote. Mstari huo haumo kwenye mkunjo. Na ajabu yake ni kwamba unalala karibu kabisa na asimptoti, yaani ule mstari x + y = −1 ambao mikono huukaribia bila kuufikia, kwa sababu ncha zake zote mbili ziko jirani nayo. Nimeona watu wakishukuru kwamba kalkuleta imewachorea asimptoti. Imechora pengo ambalo haikulitambua, na pengo likaangukia mahali pazuri.

La pili ni gumu zaidi kuligundua: kitanzi hakifungi. Nukta huondoka kitovuni kwa t = 0, inafika kwenye ncha ya jani, (1.5, 1.5), kwa t = 1, halafu inatumia t zote zilizobaki, hadi ukomo, kurudi nyumbani. Kwa t = 10 iko kwenye (0.03, 0.3) hivi, kwa jicho bado kuna mwanya. Kuongeza t hadi 100 ni kuilazimisha mashine ikokotoe mamia ya nukta zinazorundikana mahali pamoja.

Dawa yake ninaipenda kuliko mkunjo wenyewe. Ukiweka 1/t mahali pa t, x na y zinabadilishana nafasi. Kwa hiyo chora jozi mbili kwa pamoja, ya kwanza kama ilivyo na ya pili ikiwa na x na y zilizobadilishana, kisha weka t kutoka −0.95 hadi 1 tu. Jozi ya kwanza inachora mkono mmoja na nusu ya jani, ya pili inachora mkono wa pili na nusu iliyobaki, na ukiweka mashine ichore jozi zote kwa wakati mmoja utaziona nukta mbili zikija kutoka pande mbili za skrini, zikikutana kitovuni, zikiachana tena, na kukutana kwenye ncha. Ulinganifu wa jani, ambao mlinganyo wake ulikuwa ukiutangaza tangu mwanzo, umefanya kazi ambayo t kubwa isingeiweza.

Lemniskati ya Jakob Bernoulli, mwanahisabati wa Uswisi, namba nane iliyolala, aliyoichapisha mwaka 1694, nitaipitia haraka. Katika pola ni r² = cos 2θ, na kwa sababu ya kipeuo cha pili mikono yake mara nyingi hukatika kabla ya kufika katikati. Tumia x = cos t/(1 + sin²t) na y = sin t cos t/(1 + sin²t), nayo inapita kitovuni bila kusita.

Bernoulli huyuhuyo aliupenda zaidi mkunjo mwingine, spirali ya logi, r = e^(aθ). Aliomba ichongwe kwenye kaburi lake pamoja na maneno ya Kilatini *Eadem mutata resurgo*, yaani nikibadilika nainuka nikiwa yuleyule. Alifariki mwaka 1705, na kaburi lipo Basel, Uswisi. Kilichochongwa pale ni spirali ya Archimedes, ile ya r = aθ, ambayo mizunguko yake inaachana kwa nafasi sawa. Ni spirali yenye heshima zake: Archimedes alionyesha kuwa eneo la mzunguko wake wa kwanza ni theluthi ya duara linaloufunga. Lakini maneno yale hayaihusu, na kalkuleta inaweza kukuonyesha hivyo kwa kitufe kimoja.

Chora r = e^(0.1θ), θ kutoka −30 hadi 30, y kutoka −10 hadi 10, dirisha la mraba. Kila mzunguko unaikuza spirali kwa e^(0.2π), karibu 1.8745. Sasa ingia kwenye mipangilio ya ukuzaji, weka namba hiyo kuwa kipimo cha kukuza kwa mihimili yote miwili, acha kishale kitovuni, na ukuze. Mashine inafuta skrini, inachora upya, na picha ni ileile. Kuza tena: ileile. Fanya hivyo kwa r = 0.5θ na mizunguko inaachana, kila mara zaidi. Ningependa kila anayesimulia kisa cha kaburi lile awe amewahi kubonyeza kitufe hicho, maana bila hivyo maneno ya Bernoulli hubaki kuwa pambo.

Wa mwisho ni wa karibuni. Mwaka 1989 Temple H. Fay alichapisha mkunjo wa kipepeo:

r = e^(sin θ) − 2cos 4θ + sin⁵((2θ − π)/24)

Vijenzi viwili vya kwanza vinachora mabawa, na vinajirudia kila baada ya mzunguko mmoja. Cha tatu kinakwenda polepole mara kumi na mbili, kwa hiyo θ inahitaji kufika 24π ndipo kila kitu kifunge. Dirisha linalonifaa ni x kutoka −6 hadi 6 na y kutoka −3.4 hadi 4.5. Mzunguko wa kwanza unakupa kipepeo mwembamba, mstari mmoja. Kipeo cha tano kinaifanya namba ndogo iwe ndogo zaidi, hivyo mwishoni mwa mzunguko huo nyongeza imefika kama 0.008 tu, chini ya pikseli moja, na unaweza kudhani mashine inarudia kazi bure. Mzunguko wa pili unaifikisha karibu 0.31, wa tatu karibu 0.96, na mabawa yanapanuka mbele yako, mstari nje ya mstari. Mizunguko mitatu inayofuata inayarudisha ndani. Kuanzia wa saba nyongeza inakuwa hasi, na mistari inaanza kujaza upande wa ndani wa bawa. Kwa hatua ya π/24 hizo ni hatua 576, na ncha za mabawa zina kona zinazoonekana. Kwa π/48 ni 1,152, kona zinalainika, na kwenye mashine ya zamani una muda wa kutosha kuhesabu mizunguko yote kumi na miwili ikipita.